Pikapu Mpya ya Dizeli: Kilomita 20,000 za Mwanzo Zinakugharimu Nini

Mtu akinunua pikapu mpya ya milango minne, kila anayemwona humuuliza kaichukua kwa bei gani. Swali lenye faida zaidi ni gari hilo litamla kiasi gani tangu anapokabidhiwa funguo hadi kilomita 20,000 za kwanza. Katika kipindi hicho gari halitarajiwi kuharibika, na likiharibika dhamana ipo. Pesa huvuja kwingine. Kuna anayelipia tiba ya jambo ambalo ni tabia ya pikapu tangu kiwandani, na kuna anayevumilia ubovu halisi kwa kuambiwa “litazoea tu”, hadi dhamana inaisha. Wote wawili wanapoteza, na wa pili hupoteza zaidi. Nimechukua magari ambayo mnunuzi wa Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi au Mombasa huyakuta kwa mawakala: Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Ford Ranger.

Tuanze na injini, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengi yanayofuata. Hilux ya kizazi kilichoanza mwaka 2015 ina dizeli ya lita 2.4 yenye kilowati 110, na ya lita 2.8 ambayo tangu maboresho ya 2020 inatoa kilowati 150. Kuna jambo ambalo muuzaji halisemi mpaka aulizwe. Injini ileile ya 2.8 ina toki, yaani nguvu ya kuvuta, ya nyutonimita 500 ikifungwa gia otomatiki, lakini ikifungwa gia za mkono inapunguzwa hadi 420. Anayechagua gia za mkono akidhani anapata gari lenye nguvu zaidi kwa mzigo amekosea hesabu. D-Max ya lita 3.0 ina kilowati 140 na nyutonimita 450, na ndugu yake ya lita 1.9 ina kilowati 110 na nyutonimita 350. Ranger ya lita 2.0 yenye turbo mbili inafikia nyutonimita 500, ikiwa na gia kumi za otomatiki.

Namba hizo peke yake hazitoshi. La kutazama ni mzunguko ambao nguvu hiyo inaanzia. Hilux ya 2.8 hutoa toki yake kamili kati ya mizunguko 1,600 na 2,800 kwa dakika. D-Max ya 1.9 huanzia 1,800. Chini ya hapo turbo haijajaza hewa ya kutosha, na injini inafanya kazi kama injini ndogo tu ya dizeli iliyobebeshwa gari la karibu tani mbili. Hapa ndipo linapotoka lalamiko la kwanza la wenye pikapu mpya: gari linasita. Dereva anavuka tuta akiwa gia ya tatu, anakanyaga mafuta, gari linajikokota kwa sekunde moja au mbili, kisha linaruka mbele kwa ghafla. Akilipeleka gereji ya mtaani anaambiwa nozeli zina uchafu, anauziwa dawa ya kumimina tangini na “kuoshewa” mfumo. Gari likirudi linasita vilevile, kwa sababu halikuwa na ugonjwa. Anatakiwa kushusha gia moja kabla ya kukanyaga. Kwa otomatiki, akanyage polepole lakini kwa uthabiti, gia ishuke yenyewe.

Kusita kulikoambatana na taa ya injini kwenye dashibodi ni jambo jingine kabisa. Vilevile moshi mweusi mzito, mluzi mpya upande wa turbo, au gari kukatika nguvu ghafla likiwa tayari lina mizunguko mingi mlimani. Huo ni ubovu. Unarudi kwa wakala siku hiyohiyo, na hutoki kaunta mpaka maelezo yako yameandikwa kwenye karatasi ya kazi kwa maneno yako mwenyewe: lilikuwa wapi, mwendo gani, lina mzigo gani. Karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea mwaka wa tatu tatizo likijirudia.

Gia otomatiki za kisasa zina tabia inayowatisha wengi. Kompyuta yake hujifunza: inapima jinsi klachi za ndani zinavyoshika na namna dereva anavyokanyaga, kisha inarekebisha. Ranger yenye gia kumi hulionyesha hili waziwazi. Siku za mwanzo inaweza kubadili gia mara nyingi kuliko unavyotarajia kwenye foleni, au kusitasita kati ya gia mbili za chini. Pikapu ya kampuni inayoendeshwa na madereva watatu wenye miguu tofauti huchelewa zaidi kutulia. Hilo halihitaji fundi. Kishindo kizito unapoingiza D au R injini ikiwa imeshapata moto, au kuchelewa kwa sekunde kadhaa kabla gia haijashika, kunahitaji fundi, tena wa wakala, akiwa na kompyuta yake.

Kurukaruka nako. Mtu aliyetoka kwenye gari dogo anaona pikapu yake mpya inampiga mgongo kwenye barabara ya vumbi, anaamua shokapu ni mbovu. Springi za majani za nyuma zimetengenezwa kubeba karibu tani moja. Zikiwa tupu hazina kazi ya kufanya, kwa hiyo zinarusha. Weka mzigo wa kilo mia mbili karibu na ekseli ya nyuma, uufunge vizuri, na gari lilelile linatulia. Nissan Navara ya milango minne katika toleo la NP300 ilikwepa jambo hili kwa kufungwa springi za koili nyuma. Inaendeka kwa ulaini zaidi ikiwa tupu, lakini mbele ya mzigo mzito wa kila siku mimi bado ningechagua springi za majani.

Kabla ya kununua shokapu, pima upepo. Magari mapya mara nyingi hujazwa upepo mwingi kwa ajili ya safari ya meli na kukaa yadi, na wapo wanaoyakabidhi bila kuupunguza. Kiwango sahihi kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa kawaida kikiwa na namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Kupima hakukugharimu chochote, na ndiyo tiba ya nusu ya malalamiko ya ugumu ninayoyasikia.

Kuna na hili la foo-bai-foo. Pikapu nyingi za aina hii hazina difu ya kati, kwa hiyo ukiweka 4H kwenye lami kavu na kukata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana na gari linakuwa kama limeshikwa breki. Wapo waliolipa kufunguliwa breki kwa ajili hiyo. Toa 4H, rudi nyuma hatua chache, litaachia. Lakini pia usiiache bila kutumika. Mwongozo wa Toyota unataka mfumo huo utumike angalau kilomita 16 kila mwezi ili mafuta yafike kwenye sehemu za mbele. Fanya hivyo kwenye vumbi au matope, si kwenye lami ya Morogoro Road.

Kilomita za kwanza zina masharti yake, na ni ya bure kabisa. Vitabu vya Toyota huelekeza kuepuka breki za ghafla kwa kilomita 300 za mwanzo, kutovuta tela kwa kilomita 800, na kwa kilomita 1,000 kutokimbiza kupita kiasi, kutokanyaga mafuta kwa ghafla na kutokwenda mwendo mmoja bila kubadilisha kwa muda mrefu. Hilo la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi, kwa sababu mtu wa Arusha au Mbeya analichukua gari Dar na kuliweka kilomita 100 kwa saa hadi kwao. Kama lazima usafiri nalo likiwa jipya, cheza na mwendo, panda na kushuka, pumzika njiani. Na ukimaliza kupanda Kitonga au escarpment ya Mai Mahiu, usizime injini papo hapo. Turbo inazunguka kwa kasi kubwa sana na inapozwa na oili. Mwongozo hutaka kama sekunde 20 za kusubiri baada ya mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dakika moja baada ya 100, na dakika mbili baada ya mlima mkali.

Sasa sevisi, ambako pesa nyingi hutoka.

Ukaguzi wa kilomita 1,000 kwa kawaida haulipishwi ufundi, na wengi huuruka kwa sababu hauna oili. Usiuruke. Ndio mstari wa kwanza kwenye kitabu chako, na ndipo nati za magurudumu, mabomba na mikanda hukazwa baada ya chuma kutulia. Kuhusu kumwaga oili ya injini kwenye kilomita 1,000, kama wazee walivyofanya na Land Rover, sioni haja: injini za leo hutoka kiwandani zimechongwa kwa usahihi mkubwa zaidi. Kama una pesa ya ziada, ningeiweka kwenye oili ya difu mapema kuliko kitabu kinavyosema. Gia za difu mpya husagana na kuacha unga wa chuma, na difu haina filta ya kuudaka.

Baada ya hapo linakuja suala la umbali kati ya sevisi na sevisi. Afrika Kusini, Toyota hupanga Hilux ya dizeli kila kilomita 10,000, na Isuzu na Ford hupanga pikapu zao kila 15,000. Huku kwetu mara nyingi utaambiwa 5,000. Piga hesabu ya kilomita 60,000: kwa 5,000 ni sevisi 12, kwa 10,000 ni sita, kwa 15,000 ni nne. Hilux ya 2.8 hula lita saba na nusu za oili kila ikibadilishwa pamoja na filta. Hiyo ni lita 90 dhidi ya 45, bila kuhesabu filta, ufundi na siku ambazo gari halifanyi kazi.

Je, wakala anakuonea? Si lazima. Kila kitabu cha mwongozo kina ukurasa wa mazingira magumu: vumbi, safari fupi fupi, mizigo, injini kuunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama. Gari la mgodini Geita au la mshauri wa kilimo anayezunguka mashamba ya Mpanda linaangukia hapo moja kwa moja, na 5,000 ndiyo haki yake. Gari linalokwenda Dodoma na kurudi kwa lami, dereva mmoja, mzigo kidogo, haliko hapo. Mwenye gari la aina hiyo ana haki ya kuuliza kwa barua kama ratiba ya kiwanda ya 10,000 itakubalika bila kuathiri dhamana. Jibu likija kwa maandishi umeokoa nusu ya gharama. Likija kwa mdomo tu, fuata 5,000, kwa maana maneno ya kaunta hayasimami siku ya madai.

Tuchukue mfano wa kupigia hesabu: wakala anatoza shilingi 700,000 za Tanzania kwa sevisi ndogo, gereji nzuri ya nje inatoza 400,000. Tofauti ni 300,000, na kwa sevisi nne za kilomita 20,000 ni milioni moja na laki mbili. Ni pesa, sisemi si pesa. Lakini upande wa pili wa mizani kuna pampu ya dizeli, nozeli nne, turbo na kompyuta, vitu ambavyo kimoja tu kikikataliwa dhamana kinafuta akiba ya miaka. Kwa hiyo ndani ya dhamana ninasimama upande wa wakala, kwa sharti moja: unalipia kilichoandikwa kwenye ratiba ya kitabu na si zaidi. Omba bei ya kila kitu peke yake, ufundi mbali na vifaa. Kataa “flashi” ya injini, dawa ya nozeli, usafishaji wa mfumo wa hewa na vifurushi vya aina hiyo kwenye gari lenye kilomita 10,000. Havimo kwenye ratiba, na injini changa haivihitaji. Dhamana ikiisha, tafuta fundi mzuri wa nje na ubaki naye.

Anayeishi mbali ana gharama ambayo haionekani kwenye bei ya wakala. Mtu wa Kigoma au Songea anaweza kuchoma tangi zima kwenda na kurudi kwenye karakana iliyoidhinishwa, na akalala hotelini juu yake. Kabla ya kuchagua kati ya Hilux, D-Max na Ranger, tazama kwanza ramani ya karakana za kila moja, na uulize kama wapo mafundi wanaosafiri kuwafuata wateja na kwa malipo gani. Kwa Tanzania ya mikoani hoja hii peke yake huipa Toyota nafasi, na spea zake hupatikana hata kwenye miji midogo. Kenya mizani ni tofauti: D-Max inaunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, kiwanda kilichokuwa cha General Motors hadi Isuzu ilipochukua hisa zake mwaka 2017, na mtandao wake huko una mizizi mirefu.

Oili yenyewe inataka umakini kuliko zamani, na sababu kubwa ni kichujio cha masizi kwenye ekzozi, ambacho mafundi wote wanakiita DPF. Si kila pikapu inayouzwa Afrika Mashariki inacho. Magari huletwa kwa viwango tofauti vya moshi, na yale yanayoagizwa yakiwa yametumika kutoka Uingereza au Australia huwa nacho. Uliza kabla ya kusaini. Kama kipo, gari lako linahitaji oili yenye majivu machache, ile yenye alama za ACEA C2 au C3, au JASO DL-1 kwa magari ya Kijapani, kadiri kitabu kinavyosema. Oili nzuri ya lori isiyo na alama hizo itailinda injini lakini itakiziba kichujio taratibu, kwa sababu majivu hayaungui.

Masizi yenyewe huungua, kwa joto la karibu nyuzi 600, na gari hujichomea lenyewe kila baada ya muda. Wakati huo sailensa, yaani mzunguko wa injini isipokanyagwa, hupanda kidogo, feni huunguruma hata ukiwa umesimama, harufu ya moto hutoka chini, na matumizi ya dizeli huongezeka. Mwenye gari hudhani linaungua. Haliungui. Linataka tu uendelee kwenda, kama robo saa au zaidi kwa mwendo wa barabara kuu. Anayezima gari kila mara katikati ya kazi hiyo, kwa kuwa anatoka Mikocheni kwenda Posta na kurudi, anakijaza kichujio, na dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili. Kwa hiyo chomoa kijiti cha oili kila wiki. Oili ikipungua watu hushtuka. Kwenye gari lenye DPF ushtuke pia ikiongezeka.

Hili si dogo. Australia, mahakama ya shirikisho iliamua mwaka 2022 dhidi ya Toyota ya huko katika kesi ya pamoja juu ya vichujio vya Hilux, Prado na Fortuner zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020. Magari yaliyohusika yalizidi 260,000. Kabla ya hapo, mwaka 2018, kampuni ilianza kuweka swichi ya kumwezesha dereva kuanzisha uchomaji mwenyewe. Swichi hiyo ni ya thamani kubwa kwa mtu wa mjini. Ikiwapo kwenye gari unalolitazama, nakushauri uilipie.

Fundi atakayekuambia “tukitoboe tu, tuitoe hiyo DPF” anakuambia ufute dhamana ya injini na turbo kwa mkono wako. Kama maisha yako ni ya mjini na mizigo midogo, chagua toka mwanzo gari lisilo na kichujio hicho, au petroli.

Kwa Ranger ya lita 2.0 kuna swali la ziada. Injini hiyo ilitoka ikiwa na mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Oili isiyo ya daraja lililotajwa, au iliyocheleweshwa, huula mkanda huo, na vipande vyake huweza kuziba njia ya oili. Mpe wakala namba ya chasisi akujibu kama ya kwako ni ya mkanda au ya mnyororo, na kama ni ya mkanda, usikubali oili mbadala hata kwa siku moja. Hilux za 2.4 na 2.8 zinatumia mnyororo, tofauti na zile za 2.5 na 3.0 zilizotangulia.

Nimeiacha dizeli mwisho kwa upande wa injini kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mifumo ya leo husukuma dizeli kwa mgandamizo unaozidi baa 2,000 kupitia matundu membamba mno. Maji kidogo au mafuta ya taa yaliyochanganywa yanatosha kuiua. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015, na hilo lilisaidia sana. Dhidi ya uchakachuaji, Tanzania kupitia mdhibiti wake wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili yasiwe na faida kuchanganywa. Bado jukumu la kituo unachochagua ni lako. Jaza kwenye vituo vyenye wateja wengi, usijaze lori la mafuta linaposhusha, na tunza kila risiti. Madai ya nozeli ndiyo yanayokataliwa kwa urahisi zaidi, kwa hoja kwamba ulitia mafuta mabaya. Risiti zako zikionyesha vituo vinavyojulikana, hoja hiyo inakosa miguu.

Filta ya dizeli nayo ibadilishe kwa nusu ya umbali ulioandikwa kama unaishi nje ya miji mikubwa. Hii ndiyo gharama pekee ya ziada ninayomshauri kila anayeishi huko. Taa ya maji kwenye filta ikiwaka, simama, legeza kokii iliyo chini ya filta, mwaga maji hadi dizeli safi itoke. Kuendelea na safari ukisema “nitafika kwanza” ni kuibebesha pampu maji. Na nunua filta kwa wakala au kwa muuzaji anayetoa risiti ya mashine ya kodi, EFD, kwa sababu filta feki zina boksi zuri kama la halali. Ile ya hewa usiipulize kwa kompresa kila wiki. Karatasi yake hutoboka kwa matundu usiyoyaona, na vumbi la Singida linaingia moja kwa moja kwenye turbo. Ikung’ute taratibu, na ikichoka ibadilishe.

Pikapu ikipita kwenye maji mengi, kagua oili ya difu. Rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Kiwango cha kuvuka maji ni milimita 700 kwa Hilux na 800 kwa D-Max na Ranger, lakini hiyo ni kwa mwendo wa taratibu na maji yaliyotulia, si mto wa masika. Pigisha grisi propela shafti kwenye chuchu zake baada ya safari ya namna hiyo. Ni kazi ya dakika chache ambayo gereji nyingi za haraka huiruka. Na wa Tanga, Lindi na Mombasa wasihangaike na mlio wa breki wa asubuhi: ni kutu nyepesi ya usiku juu ya diski, inafutika kwa kukanyaga mara mbili tatu. Mlio unaoendelea mchana kutwa upeleke kwa fundi.

Matumizi ya mafuta yanastahili hesabu yake. Kwa kilomita 20,000, gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita linakunywa lita 2,000. Linalokwenda 12 linakunywa kama 1,670. Tofauti ya lita 330 zidishe kwa bei elekezi ya mwezi, ambayo EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza na EPRA, mdhibiti wa nishati wa Kenya, tarehe 14, uone kama inalipa pengo la bei kati ya injini ndogo na kubwa. Usitumie namba ya dashibodi. Jaza tangi hadi bomba likate lenyewe, endesha, jaza tena kituo kilekile, gawanya. Fanya hivyo baada ya kilomita 5,000, injini ikiwa imelegea.

Akiba yote hiyo inaweza kumezwa na mapambo ya wiki ya kwanza. Tani moja ya uwezo wa gari inajumuisha watu: watano wenye kilo 75 kila mmoja ni kilo 375. Ongeza bampa ya chuma, keria ya juu na kava ya nyuma, halafu uhesabu kilichobaki kwa mzigo uliolinunulia gari. Matairi makubwa kuliko ya kiwandani hulifanya gari lisite zaidi, linywe zaidi, na spidomita iseme uongo. Subiri mwaka mmoja.

Wakala akikataa dai lenye haki, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo mlinzi wa mlaji Tanzania kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Nenda na kitabu chenye mihuri, karatasi za kazi na risiti za mafuta.

Uamuzi wangu, kwa mtu anayenunua leo: kwa safari ndefu zenye mzigo mikoani Tanzania, Hilux ya 2.8 otomatiki, kwa sababu ya toki kamili na ukaribu wa spea. Kwa kampuni au mkulima wa Kenya anayehesabu kila lita, D-Max ya 1.9. Ranger ndiyo inayoendeka vizuri kuliko zote tatu barabara kuu, na ningeipendekeza kwa aliye karibu na karakana yake na mwenye nidhamu ya oili. Lolote utakalochagua, usilipe malipo ya mwisho kabla hujapewa kwa maandishi mambo manne: umbali wa sevisi unaolinda dhamana, daraja la oili, kama gari lina DPF, na bei ya sevisi nne za kwanza.